GPS ya Pikipiki kwa Safari za Raha: Tafuta Inayotii Njia Uliyoichora

Ukiiambia GPS yoyote ikutoe Nakuru ikupeleke Eldoret, itakupitisha Timboroa na Burnt Forest. Ni kilomita 155 hivi, na nyingi utazimaliza ukivuta moshi wa malori. Ipo njia nyingine: Mogotio, unapovuka ikweta, kisha Marigat, kupanda Kabarnet, kushuka hadi daraja la Chebloch juu ya mto Kerio, halafu kona za Tambach zikupandishe mpaka Iten. Hiyo inapita kilomita 200, na raha yote ya pikipiki iko huko. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ukubwa wa kioo au bei, uliza hivi: nikishaichora njia hii ya pili, kifaa kitaifuata, au kitanivuta kwenye ile ya malori kila nikigeuza shingo?

Vingi vinakuvuta, na sababu yake inaeleweka. Faili la GPX, yaani lile la kuhamishia njia kutoka kompyuta hadi kwenye kifaa, linaweza kubeba ruti au treki, na kwenye kioo zote mbili huonekana mstari tu. Ruti ni nukta chache ulizoweka wewe. Barabara ya kuziunganisha inakokotolewa na kifaa chenyewe, kwa ramani yake na mipangilio yake. Ndiyo maana njia uliyoichora nyumbani kwenye kompyuta inaweza kubadilika ikishaingia kwenye kifaa chenye ramani tofauti. Treki ni maelfu ya nukta zilizoshikana kama shanga. Hapo kifaa hakikokotoi chochote, mstari unabaki ulipo. Hamisha zote mbili kwenye kifaa: ruti ikupe maelekezo ya kugeuka, treki ikae chini yake kwa rangi nyingine. Mistari hiyo ikiachana, umeshajua mahali ambapo kifaa kimejiamulia.

Nukta zenyewe zina ufundi wake. Usiweke nukta katikati ya mji wala juu ya njia panda; iweke kilomita moja au mbili baada ya njia panda, kwenye barabara unayoitaka. Kwa safari ile ya Kerio tatu zinatosha: moja kati ya Mogotio na Marigat, moja kati ya Kabarnet na Chebloch, moja kabla ya kuanza kupanda Tambach. Vuta ramani karibu mpaka nukta ikae juu ya mstari wa barabara. Ikiangukia mita 20 pembeni, kwenye uchochoro au kituo cha mafuta, utaambiwa uingie humo, kisha ugeuze urudi. Kwenye Zumo, GPS za pikipiki za kampuni ya Garmin, kuna nukta zinazotangazwa ukifika na zile za kuunda njia tu, zisizotangazwa. Tumia za pili kwa kazi hii. Ukiikosa ile inayotangazwa, kifaa kitang'ang'ania urudi hadi ubonyeze kitufe cha kuiruka, na kukitafuta kitufe hicho kwenye mteremko ni hatari.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya kukokotoa upya, yaani kifaa kubuni njia mpya ukitoka kwenye ile uliyoichora. Ikiwa inajiendesha yenyewe, kosa moja la kona linatosha kufuta kazi yako ya jioni nzima. Weka "uliza kwanza", au izime kabisa. Kifaa kisichokupa chaguo hilo hakifai safari za namna hii, hata kama kioo chake kinang'aa vipi.

Zumo XT na TomTom Rider zina sehemu ya kuomba njia zenye kona na milima, na Kurviger, programu ya kupangia njia, hufanya hivyo kwenye kompyuta au simu. Zinasaidia kupata wazo. Lakini hesabu hiyo inaona mikunjo ya mstari tu, haioni mashimo, na matuta mengi ya barabara zetu hayamo kwenye ramani. Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni lami yenye kona tamu. Njia nyingi za pembeni huko Usambara zina kona zaidi, ila ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Kuzuia barabara za vumbi kwenye mipangilio hakutoshi, kwa kuwa njia nyingi hazijaandikwa aina ya uso wake. Fungua picha za setilaiti, uifuate njia kipande kwa kipande. Ukiona wekundu, hiyo si lami. Ukiona udongo mweusi wa mbuga na ni msimu wa masika, badilisha njia.

Kuhusu ramani, wanaoumia ni wanunuzi wa vifaa vilivyotumika kutoka Ulaya. Hivyo kwa kawaida huja na ramani ya Ulaya, na ahadi ya masasisho ya bure ni ya ramani ile ile. Kabla ya kutoa pesa, andika Kabarnet au Lushoto kwenye kifaa. Kisipoipata, kwa Garmin bado una njia: zipo ramani za bure za OpenStreetMap unazoweza kuweka kwenye kadi ya kumbukumbu. TomTom haizipokei.

Je, simu haitoshi? Kwa wengi inatosha, na ni nafuu. Programu ya ramani ya OsmAnd hufanya kazi bila intaneti ukishapakua ramani, na hufuata treki vizuri. Google Maps haikubali faili la GPX, basi iache kwa safari za mjini. Shida za simu ni joto, maji na mtetemo. Jua kali, mwanga wa kioo juu kabisa na chaji kwa pamoja huipasha mpaka inafifisha kioo au kukataa chaji. Matone ya mvua hubonyeza kioo yenyewe. Kuhusu mtetemo, Apple walionya mwaka 2021 kwamba injini kubwa za pikipiki zinaweza kuharibu kamera za iPhone. Tumia simu ya zamani usiyoitegemea kwa kupiga picha, na kishikilio chenye mpira wa kumeza mtetemo.

Umeme ndio unaofanywa ovyo kuliko yote. Kigeuza umeme cha volti 12 kwenda 5, kile cha kuchajia simu, kipate fyuzi ya ampea 3 karibu na ncha chanya ya betri, na kiwake kwa swichi ya ufunguo. Kikiunganishwa moja kwa moja na betri kinakula hata kama simu haipo. Chukua miliampea 20 tu: kwa siku ni karibu nusu ya ampea-saa, kwa siku tano ni 2.4. Betri ya pikipiki ndogo yenye ampea-saa 5 imeshafika nusu, na Jumamosi asubuhi stata haizunguki. Waya uupitishe usibanwe usukani ukikatwa hadi mwisho pande zote mbili. Wengi hukatika hapo hapo shingoni.

Kifaa kikae juu karibu na dashibodi, si chini kwenye tangi, ili jicho lishuke kidogo tu. Dukani vaa glavu zako mwenyewe, toka nacho juani saa sita mchana, kisha jaribu mambo matatu: kufungua ruti, kuruka nukta, kuzima kukokotoa upya. Ukishakinunua, chora mzunguko wa kilomita 30 karibu na kwako, ukose kona moja makusudi, uone kinakujibu nini.