Re: Tanki la gesi shuleni Tabora, valvu ipi kwa ajili ya moto?

Mkuu, nimekusoma. Mmeacha kuni, tanki la lita 2,000 liko njiani, na muuzaji anakwambia uchague kitu cha kutoa presha tanki likipashwa na moto lisipasuke: valvu ya springi, au diski ya kupasuka, ambayo bei yake ni nafuu. Mimi nafunga na kukagua matanki haya hapa Tabora na Kigoma.

Chukua springi. Diski ikishapasuka ndiyo basi, gesi yote inatoka hata kama ulikuwa moto wa majani uliozimika muda huohuo. Springi inafunguka presha ikifika kiwango chake, ikishuka inajifunga. Kuna na plagi inayofunguka kwa joto badala ya presha, ila hiyo inafaa mitungi ya magari ya gesi asilia, kwa sababu mtungi ukiwa nusu, moto unaweza kuuharibu ukuta wake kabla presha haijapanda vya kutosha kufungua kitu.

Sasa ukubwa. Kila mteja huuliza valvu inafunguka kwa baa ngapi (kipimo cha presha), hakuna anayeuliza inapitisha kilo ngapi za gesi. Chukua tanki lenye mita 10 za mraba za chuma kilichogusana na gesi ya kimiminika kwa ndani. Kwa fomula ya API 521, mwongozo wa Wamarekani wa mifumo ya kutoa presha, pale ambapo mafuta yanayowaka hayana mfereji wa kuyaondoa chini ya tanki, moto unaingiza karibu kilowati 470. Kwa propani hiyo ni kama kilo moja na nusu ya mvuke kila sekunde, yaani mtungi wa kilo 15 ndani ya sekunde 10! Valvu iliyong'olewa kwenye tanki dogo itafunguka kwa baa zilezile, kisha presha iendelee kupanda kana kwamba haipo.

Ila hata valvu sahihi haipozi chuma. Sehemu ya chini inapozwa na gesi inayochemka ndani. Ya juu ni kavu, na chuma kikifika nyuzi 600 hivi nguvu yake imeshapungua zaidi ya nusu. Kwenye kiwanda cha mafuta cha Feyzin, Ufaransa, mwaka 1966, tanki la gesi lilishika moto, valvu yake ilikuwa wazi inapuliza, na wazimamoto wakawa wanamwagia maji matanki ya jirani wakiamini lile linaloungua linalindwa na valvu yake. Likapasuka. Walikufa watu 18.

Kwa hiyo hela utakayookoa kwenye diski, kama ipo, ipeleke kwenye bomba la maji ya kunyunyizia mgongo wa tanki, na nyasi zifyekwe kabla ya Agosti, maana moto wa nyika wa huku mnaujua. Msiliweke chini ya mwembe kwa kutafuta kivuli. Valvu inapuliza kwenda juu, na juu pasiwe na kitu.

Mambo mawili nayakuta mara kwa mara. Kifuniko cha mvua kimepotea na manyigu wamejenga kwa udongo ndani ya bomba la kutolea. La pili linanikera zaidi: hosteli moja walifunga koki kati ya tanki na valvu "ili isivujishe". Nilikuta imefungwa kabisa. Mkiona fundi anaweka koki hapo, mtoeni saiti.

Kabla hujalipa, piga picha kibati cha tanki na maandishi ya kwenye valvu, uweke hapa. Natafuta presha ya kufungukia na kiwango cha kupitisha.