Kutoa mimba: jibu langu kwa mwanafunzi wa uuguzi, na kwa wale wa "kuua ni kuua"

Mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa mkupuo mmoja na wachangiaji wameyakoroga. Umesema uko mafunzo kwa vitendo, wodi ya akina mama, akaletwa binti anavuja damu baada ya kumeza miso (misoprostol, vidonge vinavyotoa mimba) alizouziwa mtaani. Uliitwa usaidie kumsafisha, na mwenzako akakuonya kwamba ukishika ile pampu ya kunyonya mabaki umeshiriki dhambi. Hapo ukauliza: kutoa mimba kuna siku kunaweza kuwa halali? Majibu mengi uliyopewa ni ya mstari mmoja: kuua ni kuua, hakuna mjadala.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, Mwislamu wa Tanga. Nimefanya kazi hospitali ya serikali, kisha ya misheni. Nitaanza na lile jepesi. Kumsafisha binti yule si kutoa mimba. Mimba imeshaharibika, kilichobaki ndani ni mabaki, na mabaki yakiachwa huleta damu isiyokatika na usaha hadi kwenye kizazi. Ni matibabu halali kisheria, Wizara ya Afya inayo miongozo yake, na katika miaka yangu yote sikumwona sheikh wala padri aliyesema mwanamke wa namna hiyo aachwe afe. Mwenzako amekuogopesha bure.

Sasa lile zito. Wanaosema "kuua ni kuua" nawaheshimu, kwa sababu wanatetea kitu kisichoweza kujitetea. Lakini hawaishi hivyo, na dini na sheria wanazozinukuu hazisemi hivyo kwa wepesi huo.

Tazama tunavyozika. Kwetu Washafi, yaani Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, mimba ikiharibika kabla ya miezi minne haioshwi wala haisaliwi. Inaviringishwa kitambaa na kufukiwa. Ikipita miezi minne huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, na ikitoka na dalili ya uhai husaliwa. Mama aliyepoteza mimba ya wiki saba anaombewa dua na kupikiwa uji. Matanga hayakai. Mtoto wa siku mbili akifa, mtaa mzima unafika. Fidia nayo: diya ya mtu kamili katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ni ngamia mia, ya mimba iliyoharibiwa kwa kupigwa mama inakadiriwa ngamia watano. Njoo kwenye Kanuni ya Adhabu yetu. Mauaji ya kukusudia hukumu yake ni kifo. Mwanamke anayejitoa mimba, kifungu cha 151, ni miaka 7, na anayemtoa, kifungu cha 150, ni miaka 14. Hiyo ni sheria ya mkoloni, imefuata sura ya sheria ya Uingereza ya 1861, na Waingereza wenyewe waliilegeza mwaka 1967. Lakini hata yeye mkoloni, aliyekuwa mkali, hakuandika kwamba ni kitu kimoja.

Imamu Ghazali, ambaye ni wa madhehebu yetu na alifariki 1111, aliliweka vizuri kuliko sisi humu. Alisema kuiharibu mimba ni kosa tangu mwanzo, na kosa hilo huzidi kuwa kubwa kadiri mimba inavyokua, hadi lifike ukomo wake mtoto anapozaliwa hai kisha akauawa. Hapo ndipo niliposimama mimi. Kitu kipo tangu siku ya kwanza, na kina thamani. Lakini uzito wake wa wiki ya sita si uzito wa mwezi wa saba. Hadithi ya Mtume kwamba mimba hupulizwa roho ikifika siku 120 mnaijua, na wanazuoni wamekhitalifiana juu yake: wa madhehebu ya Maliki wamebana zaidi, baadhi ya wale wa Hanafi wameachia kabla ya muda huo kukiwa na udhuru. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu kabla ya siku 120 endapo jopo la madaktari limethibitisha ulemavu mzito usiotibika. Kwa hiyo anayekuja hapa na kusema Uislamu una jibu moja tu, aende akasome tena.

Wakatoliki ni habari nyingine, na tuwe wakweli juu yao. Kwao uhai wa binadamu unalindwa tangu kutungwa, hata mimba ikiwa ya kubakwa. Anayetoa mimba huku akijua adhabu hiyo hutengwa na Kanisa papo hapo, jambo ambalo sheria yao haimfanyii muuaji wa kawaida. Wengi wenu hamkubaliani nao, lakini angalau hoja yao wameinyoosha mpaka mwisho. Wala si wagumu wa moyo kama mnavyowachora. Tangu 2016 Papa Francis aliwapa mapadri wote uwezo wa kuiondoa dhambi hiyo.

Kule misheni niliiona hoja hiyo ikifanya kazi. Akija mama mwenye mimba iliyotunga kwenye mrija, hakuna aliyesitasita. Mrija unakatwa, mimba inakwenda nao, na sista aliyekuwa akisimamia chumba cha upasuaji alieleza kwamba nia ni kuondoa kiungo kinachomuua mama. Kifo cha kile kilichomo kinajulikana lakini hakikusudiwi. Nilimwelewa. Shida iliingia alipokuja mama mwenye mimba ya miezi mitano, presha imepanda, macho hayaoni vizuri, keshapata kifafa cha mimba mara moja. Wakunga mnajua: dawa za presha na magnesiamu hununua muda tu, tiba yenyewe ni mimba itoke. Na kwa umri ule, huku kwetu, mtoto hawezi kuishi nje. Hapakuwa na mrija wa kukata wala kiungo kibovu cha kusingizia. Ilikuwa kuanzisha uchungu ukijua mtoto atakufa. Walijadiliana asubuhi nzima, kisha wakampa rufaa kwenda serikalini, ambako uchungu ulianzishwa siku ileile. Mama alipona. Nikajiuliza, na bado najiuliza: kama ilikuwa haramu, kwa nini walimpandisha kwenye gari kwenda mahali walipojua itafanyika? Nadhani dhamiri zao zilishaamua, mikono ikakataa tu kutangulia.

Kwa mama kama yule mimi sina swali. Kifungu cha 230 cha sheria yetu kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Na mtoto wa miaka kumi na tatu aliyejazwa mimba na ndugu wa nyumbani mwao? Sheria yetu haimtaji. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, na ibara yake ya 14 inaruhusu kutoa mimba na inataja waziwazi kubakwa na mimba ya maharimu, yaani ya ndugu wa karibu, lakini Kanuni ya Adhabu haikuguswa. Kwangu ni halali, tena mapema, kabla mwili wa mtoto haujaanza kubeba usichokiweza. Anayesema azae "kwa sababu kiumbe hana kosa" anasema kweli kuhusu kiumbe. Amemsahau mtoto mwingine aliyelala pale kitandani na nyonga ambazo hazijakomaa.

Sasa wale wa upande wa pili, wa "mwili wangu, uamuzi wangu". Nimesoma michango yenu na kuna mahali mnanipoteza. Mama wa miezi saba akisema amebadili mawazo, hakuna hata mmoja wenu angempa miso. Basi mmeshakubali kwamba kuna mwingine ndani. Wala msinijibu kwamba kabla ya hapo ni damu tu. Nimemhudumia dada aliyehangaika kupata mimba kwa miaka, ikatoka ikiwa ya wiki nane, na kilio chake hakikuwa cha damu. Naye anaibana hoja yangu mimi ya mazishi, nakiri. Matanga yasipokaa haina maana hapakupotea kitu.

Kesi inayonishinda ndiyo iliyo nyingi kuliko zote. Si presha wala kubakwa. Ni mama wa watoto watano, mume yuko machimboni na simu hapokei. Ni mwanafunzi aliyejua mimba ikionekana shule basi. Wakiletewa aya ya "msiwaue wana wenu kwa kuogopa umaskini", mimi naiamini aya hiyo. Ila inasomwa mbele ya mwanamke peke yake, wakati maneno yake yanawaambia wazazi, na mwanamume aliyekana mimba yuko safu ya mbele anaitikia. Hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi kwenye masomo, shule ilimwambia binti ukizaa umefukuzwa, na msikiti ukamwambia ukitoa umeua. Siwezi kusema alichofanya ni halali. Siwezi pia kusema ni yeye wa kwanza kuulizwa.

Na msidhani kifungo cha miaka 7 kinawazuia. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria mimba 405,000 zilitolewa Tanzania kwa mwaka huo, na wanawake wapatao 66,600 kutibiwa madhara. Kifungu kilikuwepo muda wote huo. Kinachofanya ni kumchelewesha mgonjwa kufika. Zamani walikuja na kijiti cha muhogo kimetoboa kizazi, siku ya nne, wananuka, wanasema "nimeanguka kisimani".

Kwa hiyo mleta mada, ukirudi zamu, muulize tarehe ya hedhi yake ya mwisho, kavuja kiasi gani, kameza nini na lini, maana matibabu yanategemea hayo. Alimpa nani mimba na kwa nini ameitoa, hayo aseme mwenyewe akitaka. Na usimwache atoke wodini bila kuzungumza naye uzazi wa mpango. Wengi wanadhani wana miezi kadhaa ya kupumzika. Yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili.