Ng'ombe, kibanja na talaka ya simu

*Mume wangu anataka arudishiwe ng'ombe wake ndipo tuachane. Baba hana kitu. Tufanyeje? (Arua)*

Msirudishe hata mkia. Agosti 2015, katika kesi ya Mifumi, shirika la kutetea wanawake, Mahakama ya Juu ya Uganda ilitamka kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kutoa mahari bado ni halali. Kudai irudi ndiko kulikokatazwa. Wazee wa ukoo wataita kikao. Wasikilizeni kwa adabu, ila msitie sahihi karatasi yoyote ya deni.

*Nimeishi na baba wa watoto wangu miaka kumi na moja. Tulijenga kwenye kibanja, lakini makubaliano ya mauziano yana jina lake peke yake. Sasa ananifukuza. Si nusu ni yangu? (Kawempe)*

Dada, hapa nitakuudhi. Sheria ya Uganda haitambui ndoa ya kukaa pamoja tu, hata mkimaliza miaka thelathini. Na hata mke wa ndoa hakatiwi nusu hivi hivi: tangu hukumu ya 2013 katika kesi ya Rwabinumi, iliyohusu mali ya wanandoa, mahakama hutazama nani alichangia nini, na kazi za nyumbani zinahesabiwa.

Lakini kwanza nijibu: alikuja kwenu kujitambulisha? Mahari ilipokelewa? Kama kwanjula (utambulisho wa kimila) ilifanyika, huenda wewe ni mke wa kimila, na kutosajili ndoa hiyo hakuifuti. Hapo kesi inabadilika kabisa. Tafuta picha za siku ile na wazee waliokuwepo.

Kama hakukuwa na lolote, bado unaweza kudai ulichoweka. Risiti za saruji na mabati, ujumbe wa pesa ulizomtumia fundi, majirani waliokuona ukisimamia ujenzi: kusanya vyote kabla hujatoka, na upige picha yale makubaliano. (Karatasi hupotea haraka sana ugomvi ukianza.) Kama huna pesa za wakili, nenda FIDA Uganda (chama cha wanasheria wanawake) au Justice Centres (vituo vya msaada wa kisheria).

Matunzo ya watoto ni jambo jingine, hayategemei ndoa. Anza kwa afisa wa probesheni (ustawi wa jamii) wa wilaya. Akishindwa, nenda mahakama ya familia na watoto.

*Mume kaniandikia talaka kwa WhatsApp. Imepita? (Mbale)*

Hilo ni la kadhi, mama, si langu. Mpelekee ujumbe wenyewe, usiufute. Akithibitisha, hakikisha talaka inasajiliwa na unapewa cheti, vinginevyo siku ya kuolewa tena utasumbuka.

*Mke wangu wa kanisani aliondoka miaka mitatu iliyopita. Naweza kuoa mwingine? (Masindi)*

Bado. Ndoa haifi kwa kukaa muda mrefu, na kuoa juu yake ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka mitano. Ila kutelekezwa miaka miwili bila sababu ya haki ni msingi wa kuomba talaka, na tangu 2004 misingi ni ileile kwa mume na mke. Peleka ombi kwa hakimu mkuu ukiwa na cheti cha ndoa. Ukishinda utapata kwanza amri ya muda, kisha usubiri miezi sita ndipo uombe ya mwisho. Usilipie ukumbi kabla ya hiyo ya pili.