Barua kwa mwanangu anayetaka kuhama wodi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia: uache ajira ya serikali uende hospitali binafsi wanakokuongezea mshahara, au ubaki? Nami nakuuliza, huko wanakabidhiana zamu vipi? Muuguzi huchoshwa na makabidhiano kabla hajachoshwa na wagonjwa.

Najua ushanisikia mara nyingi. Lakini makabidhiano ya kweli hufanywa kitandani, si mezani: mgonjwa mmoja mmoja, chati mkononi, dripu imebaki kiasi gani, mkojo umetoka kiasi gani, dozi ipi haikutolewa na kwa nini. Kisha trei ya dharura ifunguliwe, ihesabiwe wote wawili wakiwapo. Wodi ya vitanda 30 haimalizwi kwa dakika 10. Ratiba ikiweka zamu mpya ianze dakika ileile ya zamani kwisha, muda huo muuguzi anautoa bure kila siku. Ndipo watu huanza kukabidhiana kwa "hakuna jipya".

Wifi yangu, yaani shangazi yako, alipokuwa muuguzi hakuikubali kamwe "hakuna jipya". Usiku ule wa mama mwenye kifafa cha mimba, dozi ya kuanzia ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, ilitolewa saa 12 jioni: gramu 4 mshipani, gramu 10 makalioni, 5 kila upande. Gramu 5 nyingine zilipangwa saa 4 usiku. Shangazi yako akapima kabla ya kuchoma, asije akakuta dawa imezidi mwilini. Goti halikuruka alipoligonga, pumzi zilikuwa 12 kwa dakika na hazitakiwi kushuka chini ya 16, mkojo wa muda wote wa saa nne haukufika hata nusu ya mililita 120 zinazotakiwa. Dawa hutoka kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua, inarundikana mwilini. Akaizuia dozi, akamwita daktari, ikatolewa kalsiamu glukonati, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, gramu 1 mshipani polepole, ampuli aliyoihesabu mwenyewe jioni ile. Mama yule alipona.

Asubuhi kwenye mkutano akaulizwa: "Sahihi ya dozi ya saa 4 iko wapi?" Sababu alikuwa ameiandika mstari wa chini yake. Hakuna aliyeusoma.

Baba yako hushikilia kwamba dada yake aliacha kazi kwa ajili ya mshahara. Mshahara ulikuwa mdogo kweli, sibishi, na pongezi hazilipi ada ya shule. Posho za zamu zikikaa miezi bila kulipwa, hata "asante" inakera. Ila malimbikizo yake yalilipwa yote, na mwezi huohuo ndipo alipoandika barua ya kuacha. Hilo baba yako halijibu. Mimi naona alichoka kutosomwa. Lakini wauguzi wawili kwa wagonjwa 40, hata mfawidhi mwema, yaani msimamizi wa wodi, atafanya nini?

Nikwambie uende? Ulimi unaniwasha, ila wewe ndiye utakayesaini. Kwanza waombe ukae wodini zamu ya usiku inapokabidhi. Itazame ratiba ya mwezi: imebandikwa mapema, au imefutwafutwa? Anayetoka usiku akaitwa tena mchana wa siku hiyohiyo hadumu. Dawa ikikosekana, nani huwaeleza ndugu wa mgonjwa, mfawidhi au muuguzi peke yake? Na maelezo ya muuguzi kwenye faili husomwa na nani?

Halafu uniandikie huo mshahara ni kiasi gani. Umesema tu "wanaongeza".

Mama yako