Mtoki ukionekana kinenani, tazama mguu

Ninyi mnaoanza mafunzo ya uganga na uuguzi hapa Moshi mtafundishwa mfumo wa limfu, yaani majimaji yanayovuja kutoka kwenye damu, mapema, na wengi wenu mtaukariri kama orodha: tezi, mishipa, bandama, thaimasi (kiungo cha kinga kilicho kifuani). Nami niliukariri hivyo, nikafaulu mtihani, kisha nikakwama mbele ya mgonjwa.

Alikuwa mzee kutoka vihamba vya Kibosho, aliyelalamika kuwa ana mtoki, yaani tezi iliyovimba kinenani. Niliipapasa ile tezi, nikaandika kwamba ina ukubwa wa harage, inauma na inateleza chini ya kidole, nikaanza kuwaza magonjwa makubwa. Muuguzi wa zamu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akamwambia, "Babu, hebu vua hizo gambuti." Juu ya kidole gumba cha mguu palikuwa na jeraha la jembe lililokwisha kutunga usaha.

Tangu hapo mfumo huu nausoma kwa kufuata njia ya maji. Damu inapopita katika kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, majimaji huvuja na kuingia kwenye tishu. Sehemu kubwa hurudi, lakini karibu lita 3 kwa siku hubaki nje, na hizo ndizo zinazokusanywa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye damu karibu na shingo. Limfu haina moyo wa kuisukuma, bali husogezwa na misuli inapofanya kazi, na pumzi, na kujikaza kwa mishipa yenyewe, huku vali, vilango vilivyomo ndani ya mishipa, zikiizuia isirudi nyuma.

Njiani zimo tezi, na hapo ndipo kinga hufanya kazi yake. Seli za doria hubeba vipande vya vijidudu kutoka jerahani hadi kwenye tezi, ambako limfosaiti (seli nyeupe za kinga) chache zinazovitambua hugawanyika maelfu kwa maelfu, na tezi huvimba. Kwa kijidudu kigeni, mwili huhitaji takriban wiki moja au zaidi kutengeneza kingamwili (protini zinazokishika kijidudu) za kutosha. Kikirudi, seli za kumbukumbu hukiwahi. Chanjo ya surua anayoanza kupewa mtoto akiwa na miezi 9 hutegemea kumbukumbu hiyo hiyo.

Kwa hiyo jifunzeni kila kundi la tezi pamoja na eneo lake. Tezi za kinena hupokea limfu ya mguu, makalio na ngozi ya sehemu za siri, ila si ya korodani, ambayo hupanda hadi kando ya aota, mshipa mkuu wa damu, tumboni (swali hili la mtihani huwanasa wengi). Za kwapa hupokea ya mkono na sehemu kubwa ya titi. Tezi ngumu, isiyouma wala kusogea, juu ya mtulinga wa kushoto msiichukulie kirahisi, kwa kuwa mfereji mkuu wa limfu huishia upande huo, na saratani ya tumboni inaweza kujitokeza hapo kwanza.

Yule mzee alisafishwa jeraha, akapewa antibayotiki na sindano ya pepopunda. Aliporudi baada ya wiki mbili mtoki ulikuwa umenywea, nami safari hii nilianza na gambuti.