Wape kusoma, kalamu ibaki kwako: BehaviorSubject ndani ya huduma ya Angular

BehaviorSubject (chombo cha maktaba ya RxJS kinachoshika thamani na kuwaarifu wasikilizaji kila inapobadilika) ikiachwa wazi kwenye huduma (darasa la Angular linalogawa data kwa sehemu za programu), kila komponenti, yaani kipande cha skrini, inayoisoma inaweza pia kuiandikia. Siku kapu la mteja likikutwa tupu, itabidi upekue mradi mzima kumtafuta aliyeita `next()`, inayoweka thamani mpya. Ifiche, utoe upande wa kusoma tu, yaani Observable (mtiririko wa kusikilizwa tu):

```
private readonly _kapu = new BehaviorSubject<readonly Bidhaa[]>([]);
readonly kapu$ = this._kapu.asObservable();

ongeza(b: Bidhaa) {
  this._kapu.next([...this._kapu.value, b]);
}
```

Usibadilishe mpangilio wa mistari hiyo miwili ya juu: `kapu$` ikitangulia, `_kapu` bado ni `undefined`.

Wapo wanaoruka `asObservable()` na kutangaza tu kwamba `kapu$` ni ya aina ya Observable. TypeScript itaridhika, ila aina hufutika msimbo ukishakompailiwa. Kinachobaki ni BehaviorSubject ileile, na `as any` moja (inayozima ukaguzi wa aina) inatosha kuifikia `next()`. Hata hivyo `asObservable()` nayo si kufuli la usalama. Katika RxJS 7 anayetaka kupenya atapitia sifa ya `source`, inayoelekeza kwenye BehaviorSubject yenyewe. Inazuia makosa, haizuii wezi.

Usiite `asObservable()` ndani ya `get`. Kila ikisomwa huzaliwa Observable mpya, na `async` ya kwenye kiolezo, inayojiunga na mtiririko kwa niaba yako, hudhani umeipa mtiririko mwingine: inajiondoa na kujiunga upya kila Angular inapokagua mabadiliko.

Kosa linalowapata hata wazoefu liko kwenye data yenyewe. Mtiririko wa kusoma tu haulindi orodha inayopita ndani yake. Komponenti ikifanya `orodha.push(x)`, imebadilisha orodha ya huduma bila `next()` kuitwa. Hakuna msikilizaji anayearifiwa, na skrini mbili zinaonyesha mambo tofauti. Ndiyo sababu ya `readonly Bidhaa[]` pale juu, na ya kuunda orodha mpya badala ya kuchokonoa ya zamani.

Jingine: `this.http.get(url).subscribe(this._kapu)`. Inapendeza kwa ufupi wake, lakini jibu la HTTP likifika hufuatwa na `complete()`, ishara ya mwisho wa mtiririko, na BehaviorSubject inakufa hapo hapo. `next()` zinazofuata hupuuzwa kimyakimya, bila kosa lolote kwenye konsoli, na anayejiunga baadaye hapati hata thamani ya mwisho. Pitisha thamani peke yake: `subscribe(v => this._kapu.next(v))`.

Wenzako watalalamika kwamba kwenye `kapu$` `.value` haipo tena. Anayehitaji thamani ya sasa mara moja tu atumie `await firstValueFrom(kapu$)`. BehaviorSubject daima ina thamani, kwa hiyo haisubiri mtandao.

Kwa anayetumia signal (njia ya Angular yenyewe ya kushika thamani inayobadilika), zilizoingia na Angular 16 mwaka 2023, kazi hiyohiyo hufanywa na `asReadonly()`. Tahadhari ya `push` inabaki vilevile: nayo hailindi kilichomo ndani.