Kabla hujafungua betri kubwa ya Prius, soma hii

Mkuu, umesema Prius yako ya 2007 imewasha ile pembetatu nyekundu, ukapimiwa na mashine ikatoa kodi P0A80 (namba ya hitilafu ya gari, sio kodi ya TRA), fundi kakwambia betri kubwa imekufa nunua nyingine, na wewe unataka ufungue mwenyewe ujionee. Kununua usinunue bado. Kufungua nako subiri kwanza.

Mi haibridi (gari za mafuta na umeme kama hiyo yako) nazishika hapa Dar muda sasa, na siku iliyonitisha kuliko zote hakukuwa hata na cheche. Prius kama yako, nimechomoa plagi ya chungwa, ile ya kukatia umeme wa betri kubwa, pale kwenye buti upande wa kushoto, nikaiweka juu ya siti ya nyuma nikaenda kunywa chai. Narudi, nishavaa glavu, naenda kufungua mfuniko wa inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri kubwa uendeshe mota), jicho likapita kwenye siti plagi haipo. Dogo wa gereji kaiona imekaa tu pale kairudisha mahali pake, kwa nia njema kabisa, na bado anasubiri nimsifie. Funguo ilikuwa ofisini na betri ndogo ya volti 12 nilishaitoa terminali kwaiyo gari isingewaka, ila mikono ilinitetemeka mpaka jioni. Tangu hapo plagi inakaa mfukoni mwangu, hata chooni naenda nayo.

Kwaiyo mpangilio ni huu: zima gari, funguo ipeleke mbali, toa hasi ya betri ndogo, ndo uchomoe plagi ukiwa na glavu za mpira za umeme za volti 1000, sio zile za kuoshea vyombo. Kabla ya kuvaa ijaze hewa, ikunje kuanzia mdomoni mwake usikilize kama inavuja, maana katundu kadogo tu glavu haina kazi. Pete, saa, cheni vua. Alafu kaa. Kwa gari hii Toyota wanasema dakika 5 ili umeme uliobaki kwenye kapasita za inveta (vifaa vinavyohifadhi umeme) uishe, mi nakaa 10 kwa sababu inveta hiyo inapandisha mpaka volti 500 na sina haraka ya kufa. Ukimaliza kusubiri pima na multimita ya CAT III 1000V, na hiyo multimita ipime kwanza kwenye betri nzima unayoijua, pima inveta, alafu irudishe tena kwenye ile betri, maana multimita iliyokufa nayo inaandika sifuri. Na usiwe peke yako, awepo mtu ambaye anajua asikushike kwa mikono ukinaswa.

Sasa hapa ndo wengi wanadanganyika. Kuchomoa plagi hakuzimi betri. Mle ndani kuna moduli (vibetri) 28, kila moja volti 7.2, zimefungwa mfululizo jumla volti 201.6, plagi inakata tu huo mnyororo ukawa vipande viwili, na kipande kikubwa bado kina zaidi ya volti 100 za DC, umeme ambao ukikushika misuli inakaza huachii. Spana ikidondoka ikagusa nati mbili inaungua palepale na cheche za kuyeyusha chuma. Spana zangu za humo nimezifunga tepu mpini wote, imebaki ncha tu.

Ila wewe kabla ya kufika huko una kazi ya bila kufungua kitu. Tafuta skana inayosoma bloku 14 (kila bloku ni moduli mbili), mwenzio aishike wewe uendeshe. P0A80 inakwambia bloku zimetofautiana, haikwambii kwa nini. Gari imesimama tofauti ya bloku na bloku ikifika volti 0.3 hapo kuna jambo, ila ukweli unatoka ukikanyaga mafuta: bloku mbovu inazama peke yake, na ukishika breki betri ikichajiwa hiyohiyo inaruka juu kuliko wenzake.

Alafu angalia feni. Betri hii inapoa kwa hewa ya ndani ya gari, inavutwa kwenye kale katundu pembeni ya siti ya nyuma, na watu wanaweka begi hapohapo. Nimeshatoa humo vumbi na nywele za mbwa zimeganda kama sweta. Gari ya kushinda juani, feni imeziba, betri itakufa tu, na ukiweka mpya bila kusafisha utaiua na hiyo.

Kuna gari moja nilisoma bloku ya 4 iko chini na ya 5 iko juu karibu kwa kiasi kilekile. Ukiona majirani wawili hivyo, mmoja kapungua mwingine kaongezeka, shuku waya wa kusomea volti kabla ya kushuku moduli. Nilipofungua na kupima juu ya moduli zenyewe zote zilikuwa sawa, ila kibati cha shaba kati yao kimeota ukijani. Nikavitoa vyote nikasafisha, nikafunga kwa spana ya kupimia nguvu sio kwa kubahatisha, nikafuta kodi, gari ikatulia. Mwenyewe alishaambiwa anunue betri nzima. Ya kwako inaweza kuwa imekufa kweli, sikatai, na ikiwa bloku tatu nne zinazama basi usihangaike kubadili moduli mojamoja, utakuwa unaifungua kila baada ya miezi michache.

Ukirudisha plagi na gari ikagoma kuandika READY (yaani iko tayari kuondoka) kwenye dashibodi usipanike, ule mshikio baada ya kuulaza unatakiwa uusukume mpaka ujifunge. Nilishawahi kupoteza saa nzima kwa hicho tu.

Na skana ikionyesha P0AA6 pamoja na hiyo P0A80, hapo weka spana chini kabisa. Hiyo maana yake umeme mkubwa umeanza kuvuja kwenda kwenye bodi, labda moduli imetema maji yake au gari imeingia kwenye mafuriko, na hiyo mi mwenyewe sigusi bila mega (kipimo cha kuonyesha umeme unavuja wapi). Tuma namba za bloku zote 14, gari ikiwa imesimama na ikiwa inavuta, tuziangalie.